“Vifo vya Ziada”: Maana na Matumizi Yake

Istilahi hii yafaa itofautishwe na “vifo vilivyoripotiwa”, yaani vile ambavyo ugonjwa umetajwa kuwa ndio sababu. Vifo vya ziada ni tofauti baina ya vifo vyote vilivyotokea na idadi ambayo ingetazamiwa katika miaka ya kawaida. Miongoni mwao wamo waliokufa bila kupimwa, na waliokosa tiba ya maradhi mengine.

Kwa miaka ya 2020 na 2021, Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9 duniani, ilhali vilivyoripotiwa kwa UVIKO-19 vilikuwa takriban milioni 5.4. Mfasiri asiandike “vifo vilivyofichwa”: pengo hilo aghalabu hutokana na uchache wa upimaji na uandikishaji, na tafsiri hiyo hugeuza makadirio kuwa mashtaka.