Jioni Zetu na Runinga: Tuchague kwa Pamoja

Msimu wa pamba ukimalizika, mkoa wa Simiyu huvuta pumzi. Pamba imechumwa, imepimwa na kuuzwa. Majembe yameegemezwa ukutani, na jioni zimekuwa ndefu kuliko siku za palizi. Katika majira kama haya wazee wetu wa Usukuma walitoka kwenda kwenye mbina, Bagika na Bagalu wakishindana uwanjani mbele ya halaiki. Na usiku vijana waliketi shikome, wakiota moto na kufundishwa na wakubwa wao. Ngoma hazijafa. Lakini mwananchi wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega aliyefikiwa na umeme, au mwenye paneli ya jua juu ya bati lake, siku hizi aghalabu humaliza siku mbele ya runinga.

Leo tungependa kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wataliona dogo: ni vipindi gani tunavyovipenda, na tunavitazama vipi wakati wa mapumziko. Kwa maoni yetu, jambo hili si dogo hata kidogo. Mapumziko ya mkulima yamelipiwa kwa jasho la miezi mingi. Yeyote anayeyachukua, awe rafiki, awe ulevi, iwe runinga, hana budi kuulizwa ametupa nini badala yake.

Runinga ilifika kwetu kwa kuchelewa. Zanzibar ilikuwa na kituo chake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena cha rangi. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi, ITV kikiwa miongoni mwao, vilipoanza kurusha matangazo. Katika miaka iliyotangulia, chombo hicho kilihesabiwa kuwa anasa kwa taifa ambalo vijiji vyake vingi havikuwa na maji wala zahanati. Kisha, mwishoni mwa mwaka 2012, mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia, na neno king'amuzi likaingia vinywani mwa watu wote. Mwaka huo huo wa 2012 ndipo Simiyu ilipozaliwa kuwa mkoa, kwa wilaya zilizomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Twaweza kusema kwamba mkoa wetu na king'amuzi ni rika moja.

Kabla ya hapo tulikuwa na redio, na redio ilitufundisha somo ambalo hatupaswi kulisahau. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12, wananchi wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake, wakasikiliza matangazo ya Radio Tanzania. Redio ilipozimwa hawakutawanyika. Walijadiliana, wakakubaliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba zao. Miaka 20 baadaye, mwaka 1993, ulianza mchezo wa redio wa Twende na Wakati. Dereva wa lori aitwaye Mkwaju, kwa uzinzi na ulevi wake, pamoja na mkewe Tunu, waliwafanya wasikilizaji wengi wazungumze waziwazi juu ya UKIMWI na uzazi wa mpango. Watafiti walipolinganisha sehemu zilizousikia mchezo huo na sehemu ya Dodoma ambako haukurushwa kwa miaka ya mwanzo, waliona tofauti katika mwenendo wa watu. Hapana shaka, basi, kwamba hadithi nzuri hufanya kazi. Lakini kazi yake huanza pale watu wanapoizungumza.

Jioni moja tulialikwa chakula katika nyumba iliyo pembezoni mwa mji wa Bariadi. Baada ya kunawa mikono runinga iliwashwa, na mbele yetu likatokea kasri la Sultan Suleiman wa Uturuki, katika tamthilia ambayo Azam TV iliwaletea watazamaji wake kwa sauti za Kiswahili. Bibi wa nyumba hiyo, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, aliketi karibu na mjukuu wake wa darasa la sita, na mjukuu akawa anamgeuzia maneno kwa Kisukuma. Wanawake wa kasri walipoanza kupikiana majungu, bibi alicheka, kisha akasema kwamba nyumba ya wake wengi haiharibiwi na wake. Huharibiwa na mume asiyejua kugawa sawa. Hapo runinga ikasahaulika. Mwenye nyumba akaeleza jinsi babu yake alivyogawa ng'ombe kwa nyumba tatu. Mkewe akatia neno lake, nalo halikuwa la kumsifu babu. Mjukuu akauliza maswali ambayo mchana asingethubutu kuyauliza, naye akajibiwa. Tuliondoka saa nne usiku, na hatukumbuki sultani aliishia wapi.

Hilo ndilo tunaloliita kipindi kizuri: kile kinachoacha mazungumzo nyuma yake. Kwa kipimo hicho, na tuviangalie vipindi wanavyovipenda watu wetu.

Tamthilia zinapendwa kupita kiasi. Wengi tunaikumbuka Isidingo ya Afrika Kusini, iliyoonyeshwa na ITV. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, nayo ilipendwa mno, hata Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam mwezi Machi, 2013. Sababu haikuwa ngumu: mama mkwe wa China na mama mkwe wa Usukuma hawakupishana sana. Baadaye zikaja tamthilia zetu wenyewe, kama Huba na Jua Kali. Wapo wanaozidharau na kuziita mambo ya wanawake. Hatukubaliani nao. Mirathi, ndoa, wivu na malezi ni mambo ya kila mtu, na mwanamume anayetoka nje tamthilia inapoanza mara nyingi ndiye aliyehitaji kuitazama.

Mpira nao una haki yake. Simba na Yanga wanapokutana, Bariadi nzima husimama. Mwaka 2021 Azam Media ilitia sahihi mkataba wa shilingi bilioni 225.6 wa kuonyesha Ligi Kuu kwa miaka 10, na mtu asiyeweza kusafiri hadi Dar es Salaam anauona mchezo pamoja na mwenye kiti uwanjani. Huo ni usawa wa aina yake, nasi tunaufurahia.

Vichekesho pia vina heshima yake. Ze Comedy, na baadaye Ze Orijino Komedi, viliwakusanya watu wa rika zote. Kwa upande wa Kanda ya Ziwa, Futuhi ya Star TV ya Mwanza ilituletea kicheko kilichotoka karibu na nyumbani, na yapo mengi ya kweli yanayoweza kusemwa kwa kicheko yasiyosemeka kwa ukali.

Lakini sifa kubwa zaidi tunaipeleka kwenye vipindi vya watoto. Mwaka 2014 katuni za Ubongo Kids, zilizobuniwa na kutengenezwa hapa Tanzania, zilianza kuonyeshwa na TBC. Katika kijiji cha Kokotoa, watoto na wanyama hufumbua mafumbo kwa hesabu na nyimbo, na wote wanazungumza Kiswahili. Mtoto wa Dutwa au Lamadi anayeona kwamba hesabu inaweza kuimbwa, tena kwa lugha anayoielewa, amepata mwalimu wa pili pasipo ada.

Na wakulima je? Huko Kenya, tangu mwaka 2012, kipindi cha Shamba Shape Up kimekuwa kikimtembelea mkulima mdogo shambani kwake, kikiangalia ng'ombe wake, mahindi yake na udongo wake, na kumwonyesha la kurekebisha. Hapa kwetu shindano la Mama Shujaa wa Chakula liliwapeleka wanawake wakulima kwenye runinga, taifa likawaona na kuwapigia kura. Simiyu ni kinara wa kilimo cha pamba nchini, na mwaka 2018, 2019 na 2020 viwanja vya Nyakabindi vilipokea maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane. Hata hivyo mkulima wetu huonekana kwenye runinga zaidi bei ya pamba inapozua mzozo, au kiongozi anapopita. Tungependa kumwona anapochagua mbegu, anapopambana na wadudu, anapofanya hesabu za chama chake cha msingi. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Basi na tuonyeshwe wachezaji wa kwetu.

Pamoja na sifa hizo, yapo mambo mawili yanayotutia wasiwasi, na tungekuwa wanafiki kama tungeyanyamazia.

La kwanza ni vibanda vya video, ambavyo wananchi wenyewe wamevibatiza vibanda umiza. Hatuvishutumu vyote. Vibanda hivyo viliwafungulia dunia watu wasio na runinga, na mafundi wa kutafsiri kama Lufufu walizifanya sinema za Marekani na Hong Kong zizungumze Kiswahili cha mitaani, kwa ustadi wa kustaajabisha. Lakini mtoto wa shule anapoketi humo mpaka usiku wa manane, akitazama damu na mambo ya chumbani, mwenye kibanda anajua, jirani anajua, na mzazi naye anajua. Samaki mkunje angali mbichi. Serikali za mitaa zisingoje maafa ndipo ziamke.

La pili limo ndani ya nyumba zetu wenyewe. Tunaposema wakati wa mapumziko, tunasema mapumziko ya nani? Mwanamke wa Simiyu amechuma pamba bega kwa bega na mumewe, tena mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni. Taarifa ya habari inapoanza saa mbili usiku, baba yuko kitini, naye mama yuko jikoni. Mpira unapoanza, anaosha vyombo. Tamthilia anayoipenda anaisikiliza kupitia ukutani, na atakapopata nafasi ya kuketi, rimoti iko mkononi mwa mtu aliyesinzia. Runinga imenunuliwa kwa fedha ya pamba ambayo yeye pia aliitolea jasho. Nyumba ambayo mmoja tu ndiye anayepumzika haijapumzika.

Kutokana na hayo, tunatoa rai kwa wasomaji wetu. Kila nyumba iketi na kupanga vipindi vya wiki: siku ya mpira ijulikane, siku ya tamthilia ijulikane, na saa ya watoto iheshimiwe. Mtoto wa kiume aoshe vyombo sawa na dada yake, ili mama aketi mapema. Kipindi kikiisha, runinga izimwe walau kwa robo saa, watu waulizane wameona nini. Mwenye runinga amkaribishe jirani asiye nayo, kama wazazi wetu walivyoizunguka redio moja ya kijiji. Na bibi asiyejua Kiswahili asiachwe pembeni. Apewe mjukuu wa kumtafsiria, kwa maana ndiye mwenye mengi ya kuijibu runinga.

Hatudai kwamba runinga irudi kuwa anasa ya wachache. Imekuja, tumeipokea, na inatufaa. Tunachosema ni kwamba shikome haikuwa moto tu. Moto uliwakusanya watu, na waliokusanyika ndio waliofundishana. Runinga nayo inaweza kutukusanya, lakini haiwezi kutusemesha ikiwa sisi wenyewe tumekaa kimya. Jioni hii basi, kabla ya kuiwasha, na tumuulize kwanza yule aliyeko jikoni angependa kutazama nini.