Ratiba ya Safari na Mwili wa Dereva

Madereva wa utalii wa Arusha wana namna yao ya kushuka kwenye gari baada ya safari ndefu. Mlango unafunguliwa, mguu mmoja unatangulia, mkono unashika nguzo ya paa, kisha mtu anasimama kidogo akiwa ameinama kabla ya kunyooka. Wageni hawalioni hilo, maana tabasamu limeshawafikia. Daktari wa afya ya kazini analiona haraka.

Kutoka mjini hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300. Lami inaishia lango la Loduare, Ngorongoro. Ukishapanda ukingo wa kreta na kushuka upande wa pili, hadi lango la Naabi ni changarawe, vumbi na mawimbi madogo ya barabara yasiyokwisha. Kila wimbi linapita kwenye tairi, linaingia kwenye kiti, linapanda nyonga hadi uti wa mgongo. Misuli inajikaza tena na tena ili kulinda pingili. Ikichoka, mzigo unaangukia gegedu laini zilizo kati ya pingili, na gegedu hizo hupata damu kidogo sana, ndiyo maana zikiumia hupona taratibu. Ongeza na kule kugeuka nyuma kila mara kumjibu mgeni anayeuliza jina la ndege. Kibaya zaidi ni kunyanyua mabegi au tairi ya akiba dakika ileile unapozima injini, wakati mgongo bado umelegea kwa kukaa. Tembea dakika tano kwanza. Mabegi hayakimbii.

Kuna tatizo jingine ambalo wanaume hawa hulitaja kwa shida, nalo ni mkojo. Hifadhini hushuki popote upendapo, kwa hiyo wengi hunywa maji kidogo tangu asubuhi na kujibana hadi kituoni. Jua, vumbi na maji machache huufanya mkojo kuwa mzito, na mkojo mzito ndio unaotengeneza mawe kwenye figo. Kampuni ikipanga vituo viwili vya kujisaidia katika ratiba na kuwaeleza wageni mapema, dereva anakunywa maji bila hofu.

Presha ya damu nayo haina kelele. Mtu anakaa saa kumi kwenye kiti, anakula lanchi boksi ya chipsi, kuku na juisi ya sukari, analala kwa saa tano tu, na haumwi popote. Kinachomfikisha hospitali mara nyingi ni jambo tofauti kabisa: kupungukiwa nguvu za kiume. Hapa ningeomba wanaume wanisikilize vizuri. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, hivyo presha, sukari na mafuta vikianza kuharibu mishipa, dalili inaweza kuonekana huko miaka kadhaa kabla ya moyo kulalamika. Anayenunua unga wa mitishamba au vidonge vya mtaani ananyamazisha taarifa muhimu kuliko zote ambazo mwili wake umempa. Zaidi ya hapo, baadhi ya vidonge hivyo vikikutana na dawa fulani za moyo vinaweza kuishusha presha ghafla hadi kuua. Ukiona dalili hiyo, anza na kipimo cha presha na sukari. Vinapimwa hospitali ya Mount Meru, vinapimwa hata zahanati ya kata.

Akili nayo inabebeshwa mzigo. Msimu wa wageni, Juni hadi Oktoba, dereva anaweza kurudi nyumbani usiku, akabadilisha nguo na kuondoka alfajiri. Aprili na Mei, masika yanapopiga, simu inanyamaza huku marejesho ya mkopo yakiendelea. Mwaka 2020 watalii walioingia nchini walishuka hadi takribani 620,000, kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia, na mji mzima ulijua maana yake. Wapo pia waliosimama kwenye ajali. Tarehe 6 Mei 2017, basi la shule ya Lucky Vincent lilipotumbukia korongoni Rhotia, Karatu, na kuua watu 35, wengi wao watoto, Wamarekani waliokuwa safarini walikuwa miongoni mwa waliofika mapema kusaidia. Barabara ile hupitiwa na magari ya utalii, na madereva wake wanaweza kukuta majeruhi kabla ya polisi. Baadaye gari linaoshwa, na kesho yake mtu yuko uwanja wa ndege wa KIA ameshika bango lenye jina la mgeni.

Tumelelewa kujikaza kisabuni. Kwa hiyo huzuni ya mwanaume mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na hasira ndogondogo, bia inayoongezeka, usingizi unaokatika saa tisa, mwendo kasi usio wa kawaida yake. Mwenzake wa kazini huyaona hayo kabla ya mke. Akimwambia, “Kaka, wiki hizi haupo sawa, twende tukakae,” amefanya kazi kubwa ya tiba.

Lakini sitaki mzigo wote ubaki kwa dereva. Afya yake inaamuliwa zaidi na anayeandika ratiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 12 kati ya siku na siku, na likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inadai wafanyakazi wapimwe afya. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa kwa ugonjwa na ajali zitokanazo na kazi, na mchango hutoka kwa mwajiri peke yake. Anayeitwa kwa safari mojamoja, bila mkataba wala jina kwenye orodha ya mishahara, ni vigumu kuvipata hivi vyote, hata kama ameendesha magari ya kampuni ileile miaka kumi.

Kila gari likirudi kutoka porini hupita gereji: springi, breki, chujio la hewa. Dereva huwa pale pale akisubiri kukabidhi funguo. Mashine ya presha iwekwe kwenye meza ya kukabidhi funguo, na muuguzi aje siku moja kwa wiki wakati wa msimu. Akikuta presha iko juu, dereva akae nyumbani safari inayofuata, na posho yake ilipwe, kwa sababu asipolipwa, safari ijayo hatapima.