Mwanafunzi mwanariadha asiitupe kalamu

Kijana wa shule ya upili anapopata ufadhili wa kwenda Marekani kwa sababu ya mbio, shule nzima hushangilia. Mwalimu mkuu humsifu gwarideni na wazazi huchinja mbuzi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali lililo zito kuliko yote: kijana huyu anakwenda kusomea nini?

Wapo wanaolipuuza swali hilo kwa methali: mshika mbili moja humponyoka. Mimi huwajibu kwa kumtaja Mike Boit.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, mwaka 1972, Boit alitwaa medali ya shaba katika mbio za mita 800 na kumaliza wa nne katika mita 1500. Katika miaka hiyo ya sabini alisoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Eastern New Mexico, Marekani. Mwaka 1976 Kenya, pamoja na mataifa mengi ya Afrika, iliisusia Olimpiki ya Montreal kupinga kushirikishwa kwa New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Alberto Juantorena wa Cuba alishinda mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 43.50. Mwezi uliofuata, mjini Berlin, Boit alitumia dakika 1 na sekunde 43.57.

Sidai kwamba angemshinda. Walipokutana Düsseldorf mwaka 1977, Juantorena alitangulia. Hata hivyo, Boit alinyimwa nafasi ya kujaribu, akanyimwa tena mwaka 1980 Kenya iliposusia Olimpiki ya Moscow.

Uamuzi wa kususia ulikuwa wa wakubwa, na mwanariadha hakuwa na la kusema. Masomo, lakini, yalikuwa mikononi mwake. Boit alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978, akaendelea na masomo hadi shahada ya uzamifu, kisha akarejea nyumbani. Alipata kuwa kamishna wa michezo na profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Nakubali kwamba umri wa mbio ni mfupi, na kijana aliyelelewa katika ufukara hapaswi kulaumiwa kwa kufuata fedha zingalipo. Lakini ufupi huo ndio hasa sababu ya kushika kitabu. Anayestaafu akiwa na miaka thelathini bado ana miaka mingi ya kujilisha na kuwalisha wanawe.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, tuyasome masharti ya ufadhili kabla ya kijana kutia sahihi. Akiumia mguu, nani atamlipia karo? Atasomea taaluma aliyoichagua, au ile itakayomwachia kocha saa nyingi za mazoezi? Tena tusimwache alale darasani eti kwa kuwa ametuletea kikombe. Kikombe kitabaki katika ofisi ya mwalimu mkuu, na ujinga ataondoka nao yeye.

Nanyi wanafunzi mliojaliwa mbio, kimbieni bila woga. Ila msikubali kuvuka bahari kabla ya kuelezwa waziwazi mtakachosomea, na jinsi mtakavyokimaliza hata siku miguu itakapokataa.