Kwa nini programu hugoma Gradle ikibadilishwa
MTAYARISHAJI programu akihamisha Gradle, zana ya kuunganishia programu, kutoka toleo la 6 hadi la 7, huenda kazi iliyokwenda salama jana ikakwama leo, ingawa hajagusa herufi hata moja ya maagizo yake.

Aghalabu chanzo ni neno ‘compile’, lililotumiwa kutajia maktaba ambazo programu inategemea. Toleo la 7.0, lililotolewa Aprili 2021, liliondoa neno hilo. Sasa huandikwa ‘implementation’, au ‘api’ iwapo maktaba hiyo sharti ionekane pia na watakaotumia kazi yake. Kuandika ‘api’ kila mahali ni uvivu.

Aliyesalia na toleo la 6 aongeze ‘--warning-mode all’ kwenye amri. Maonyo ambayo hufupishwa, na kupuuzwa na wengi, yatajitokeza yote kabla hajahama.