Kuuza Karakana ya Vikapu

Mtu anayeuza karakana ya vikapu, anauza nini hasa? Wengi hujibu: vikapu, nyasi, rangi na sindano. Lakini vitu hivyo huhesabika kwa nusu saa tu, tena huweza kuteketea kwa siku moja, kama zilivyoteketea bidhaa za Soko Kuu la hapa Bujumbura tarehe 27 Januari 2013.

Ugumu u katika faida. Baba mdogo wangu anataka kuuza karakana yake ya Buyenzi, kwani macho yamechoka. Tuseme huuza vikapu vya faranga 600,000 kwa mwezi, na nyasi, rangi na kodi ya chumba ni 250,000. Yeye husema faida ni 350,000. Sivyo! Husuka mwenyewe tangu asubuhi hata magharibi bila kujilipa. Mnunuzi asiyejua kusuka hana budi kumwajiri msukaji, tuseme kwa 300,000. Basi hubakiwa na 50,000 tu, na bei yapasa itokane na hizo. Nilipomweleza hesabu hii alinuna siku mbili.

Kilichobaki ni wateja, nao hawafungwi kwa kamba. Kwa hiyo mapatano yaandikwe: muuzaji akae miezi michache akimfundisha mwenzake, ampeleke kwa wakata nyasi na kwa wenye maduka wanunuao, wala asifungue karakana nyingine mtaa uleule. Sehemu ya bei ilipwe miezi hiyo ikiisha. Daftari la wateja nalo lisomeke. La baba mdogo ninalinakili mimi sasa, maana mwandiko wake ni kama nyayo za kuku.