Maradhi yanapoingia chumba cha mke na mume

Kamati ya msikiti wetu hapa Gombani iliwahi kuletewa shauri la ndoa. Mke alilalamika kwamba mumewe amemtenga kitandani, naye akataka kujivua kwa khului. Tulimketisha mume mara tatu, tukamkumbusha haki za mke. Kila mara aliinamisha kichwa, asijibu neno. Tukadhani ni jeuri. Baadaye miguu ilianza kumkataa. Alipelekwa Dar es Salaam, akapigwa picha ya ubongo, ikabainika ana maradhi ya maltipo sklerosisi, yaitwayo kwa ufupi MS. Ndipo tulipotanabahi kuwa tumemlaumu mgonjwa bila ya kumuuliza lolote juu ya afya yake.

Katika maradhi haya, kinga ya mwili huushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Mfano wake ni waya wa umeme uliochunika: amri hutoka ubongoni, lakini hufika imedhoofika au haifiki kabisa. Hayaambukizi, wala si uchawi.

Madaktari wanayo njia ya kupima namna MS inavyoathiri unyumba. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani walichapisha hojaji ya maswali 19. Mgonjwa huulizwa juu ya miezi 6 iliyopita, na hujibu kila swali kwa namba, kuanzia 1, yaani hapana kabisa, hadi 5, yaani kila mara. Jumla huwa kati ya 19 na 95. Ikipanda, athari ni kubwa zaidi. Mwaka 2013 ilifupishwa ikawa maswali 15. Imetafsiriwa pia kwa Kifarsi na kutumiwa kwa wagonjwa nchini Iran.

Faida yake kubwa ni kupambanua sababu, nazo ni mafungu matatu. La kwanza hutokana na mishipa yenyewe: ganzi, kupungua hamu, mume kukosa nguvu, mke kuwa mkavu. La pili hutokana na dalili nyingine za mwili: uchovu, misuli kukakamaa, mkojo usiozuilika. La tatu ni la moyoni: kujiona si mwanamume au si mwanamke kamili, na kuhofia kukataliwa. Kila fungu lina tiba yake. Ganzi na ukavu ni kazi ya daktari. Uchovu huweza kupunguzwa kwa kuchagua wakati ambao mgonjwa ana nguvu. Na hofu ya moyoni huhitaji kauli njema ya mwenzake.

Tusiseme kuwa haya ni mambo ya aibu. Bibi Ummu Sulaym, Allah amridhie, alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, jambo la faragha mno la wanawake, naye akamjibu bila ya kumkemea.

Kwa hiyo kamati imeazimia: shauri kama hili likija, kila mmoja ataulizwa peke yake kuhusu afya yake, kwa siri, na mwenye dalili atashauriwa aende hospitali kabla ya neno la talaka. Kupima ni kazi ya daktari. Kazi yetu ni kuuliza na kustahi.

Wawili wale hawakuachana. Mke alituambia kuwa kilichomuumiza zaidi ni kudhani amechukiwa. Allah awaponye wagonjwa wetu na azihifadhi nyumba zetu. Amin.