Swichi, Waya na Radi za Nyanza

Afikaye Asumbi huko Nyanza, baina ya Homa Bay na Migori, huikuta misheni ya Kikatoliki iliyotanda, yenye kanisa, shule ya upili ya wasichana na chuo cha walimu. Na atakaye kuunganisha kompyuta za mahali kama hapo aghalabu huitumia fedha yake kwa swichi, kifaa cha kuziunganisha, kisha waya akanunua wa rahisi, ilhali taksiri nyingi za mtandao asili yake ni waya.

Swichi yenyewe haina makuu. Kila fungu la data huja na anwani ya mpelekaji na ya mpelekewa. Swichi huikariri ile ya kwanza pamoja na tundu ilikoingilia, hata kitambo si kitambo ikawa yajua kila kompyuta ilipo, mithili ya tarishi aliyezoea mtaa. Na fungu la asiyejulikana bado hulipeleka matundu yote isipokuwa lile lilikotokea. Walakini waya mmoja ukichomekwa ncha zote mbili katika swichi hiyo hiyo, matangazo, yaani mafungu yapelekwayo kwa wote, huzunguka bila kikomo hata mtandao ukazimia, ila ikiwa swichi inayo kanuni ya mhandisi Radia Perlman ya mwaka 1985, ambayo hulifunga tundu moja. Na swichi za rahisi kwa kawaida hazinayo.

Sasa waya. Ndani yake mna nyuzi 8 zilizosokotwa jozi 4, na kwa mpango wa rangi uitwao T568B jozi ya kijani huachanishwa, uzi mmoja wa tatu na mwenziwe wa sita, jozi ya buluu ikakaa katikati. Fundi mwenye haraka huzipanga jozi sambamba, ncha zote mbili vivyo hivyo. Kipimo chake kikawasha taa zote 8 kwa taratibu, naye akaondoka radhi, kumbe uzi wa tatu na wa sita si wa jozi moja na kasi haipatikani. Msokoto wenyewe usifunguliwe kupita milimita 13 kwenye kichwa cha RJ45.

Waya wa shaba mwisho wake mita 100. Lakini hata jengo la pili likiwa karibu zaidi, mimi singeutundika toka paa hadi paa, maana bonde la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa mahali papigwapo radi nyingi mno duniani, na shaba huusafirisha mshtuko wa radi moja kwa moja hadi ndani ya swichi. Baina ya majengo ipite faiba, ambayo ni kioo na haichukui umeme, tena isiyo na waya wa chuma ndani ya ganda lake.